Mlemavu na apewe farasi, asipewe huruma pekee

WAHENGA walinena kwamba hujafa hujaumbika. Aghalabu methali hii hutolewa shuleni kama onyo: usimcheke mlemavu, kwa maana hujui litakalokufika kabla ya siku yako ya mwisho. Onyo hilo ni la haki, lakini haliimalizi methali yenyewe. Ikiwa binadamu huendelea kuumbwa hadi afapo, basi mtu aliyepatwa na ugonjwa mzito, au aliyepooza viungo, naye bado anaumbwa, na sehemu ya kazi hiyo imo mikononi mwa jamii inayomzunguka. Jamii inaweza kumfanya ombaomba wa kando ya barabara. Vilevile inaweza kumfanya mwanamichezo.

Makala haya yanakusudia kulijadili suala hilo kwa kuuangalia mchezo ambao wasomaji wengi hawatautarajia, nao ni mchezo wa farasi. Huenda mwalimu wa Nakuru au mwanafunzi wa Molo akauliza: farasi anatuhusu nini sisi, ilhali hata kiti cha magurudumu ni taabu kukipata? Swali hilo ni zito na litajibiwa. Kwanza na tutazame yaliyotendeka kwingineko, kisha turejee hapa bondeni petu.

Mwaka 1944, nchini Denmark, mwanamke aitwaye Lis Hartel aliambukizwa polio. Alikuwa na umri wa miaka 23, tena mja mzito wa mtoto wake wa pili. Kabla ya hapo alikuwa mpandaji hodari na bingwa wa nchi yake. Ugonjwa ulimlaza kitandani akiwa amepooza. Alijifungua salama, kisha akaanza kujifunza upya mambo ambayo mtoto mchanga hujifunza: kuinua mkono, kutambaa, na hatimaye kusimama kwa magongo. Misuli ya chini ya magoti haikurudia nguvu zake maishani. Hakuweza kumpanda farasi wala kumshuka pasipo kusaidiwa. Hata hivyo, mwaka 1947 alishiriki mashindano ya nchi za Skandinavia na kutwaa nafasi ya pili. Katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki ya 1952, akiwa juu ya farasi wake Jubilee, alijinyakulia medali ya fedha. Mshindi wa dhahabu, Henri Saint Cyr wa Sweden, ndiye aliyemsaidia kufika jukwaani. Mwaka 1956 mama huyo alishinda fedha kwa mara ya pili.

Ni vyema msomaji aelewe kwamba mchezo wenyewe haukuwa wa mbio. Wenzetu wa Ulaya huuita dresaji. Mpandaji humwongoza farasi ndani ya uwanja wa mstatili kwa hatua zilizopangwa, naye hupewa alama na waamuzi kwa usahihi wa hatua hizo na kwa utulivu wa mawasiliano baina yake na mnyama. Kwa kawaida mpandaji humwelekeza farasi kwa kumbana mbavuni kwa miguu. Hartel hakuwa na miguu ya kumbania, kwa hivyo alimfundisha Jubilee kuisikiliza lugha nyingine, yaani lugha ya mgongo na uzito wa mwili ukiegemea huku na huku. Farasi aliielewa. Hakujali kwamba wapandaji wengine hawaizungumzi.

Sasa inafaa tuulize: ni nini hasa kilichokuwa kizuizi kikubwa cha mwanamke huyo? Wengi watajibu kwamba ni polio. La hasha! Kabla ya 1952 mchezo huo wa Olimpiki uliachiwa maofisa wa jeshi na mabwana wa tabaka lao. Mwanamke hakuruhusiwa. Mwanajeshi wa cheo cha chini hakuruhusiwa. Katika michezo ya London ya 1948 timu ya Sweden ilishinda dhahabu, kisha mwaka uliofuata ikapokonywa kwa sababu mmoja wa wapandaji wake, Gehnäll Persson, alibainika kuwa ni sajini tu. Kanuni ilipofutwa, sajini huyo alirudi Helsinki mwaka 1952, na Sweden ikashinda dhahabu tena. Kwa hivyo, hata kama Hartel angekuwa na miguu myepesi kama ya swara, mwaka 1948 asingeingia uwanjani. Baina ya 1948 na 1952 miguu yake haikupona. Kilichopona ni kanuni.

Hilo ndilo jambo ambalo makala haya yanataka lishikwe. Tunapomwona mlemavu ameketi nje ya uwanja, upesi tunautazama mwili wake na kusema, "Maskini, hawezi." Ni nadra kuutazama uwanja wenyewe, na kuuliza ni nani aliyeweka lango hapo na kwa kipimo gani.

Tangu michezo ya Atlanta ya mwaka 1996, upandaji farasi umo katika Paralimpiki, yaani Olimpiki ya walemavu. Wapandaji huchunguzwa na wataalamu na kupangwa katika madaraja matano kwa kadiri ya ulemavu wao. Katika daraja la kwanza, la wenye ulemavu mkubwa zaidi, farasi hutembea tu. Katika madaraja ya juu hukimbia polepole, na hata kwenda shoti. Asiyeona huruhusiwa kuitiwa kwa sauti herufi zilizowekwa pembezoni mwa uwanja, ili ajue alipo. Asiye na nguvu za miguu huruhusiwa kutumia fimbo mbili nyembamba badala ya visigino. Asiye na nguvu za vidole hushika hatamu zenye vitanzi. Wanaume na wanawake hushindana pamoja.

Matokeo ya kanuni hizo ni ya kustaajabisha. Lee Pearson wa Uingereza, aliyezaliwa na viungo vilivyokakamaa, alikuwa amejikusanyia medali 14 za dhahabu za Paralimpiki kufikia michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Bettina Eistel wa Ujerumani, aliyezaliwa bila mikono, alishinda medali katika michezo ya Athens ya 2004 huku hatamu ameziuma kwa meno. Laurentia Tan, mwenye mtindio wa ubongo na uziwi, ndiye aliyeipatia Singapore medali yake ya kwanza kabisa ya Paralimpiki, mwaka 2008. Singapore ni kisiwa ambacho eneo lake ni dogo kuliko Kaunti ya Nakuru mara nyingi. Wala Afrika haikubaki nyuma: Philippa Johnson wa Afrika Kusini, aliyeumia vibaya katika ajali ya barabarani, alirudi nyumbani na medali mwaka 2004 na tena mwaka 2008. Jina la Kenya halimo katika orodha ya washindi hao.

Lakini kwa nini farasi? Jibu limo katika mwendo wake. Farasi anapotembea, mgongo wake huitikisa nyonga ya mpandaji mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, kwa namna inayofanana sana na mwendo wa binadamu atembeaye kwa miguu yake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye hajapata kutembea, huhisi mwilini mwake mdundo wa kutembea. Misuli ya tumbo na mgongo hulazimika kufanya kazi ili asianguke. Ndiyo sababu wataalamu wa mazoezi ya viungo katika nchi nyingi humtumia farasi kama sehemu ya tiba. Uingereza ilikuwa na chama cha taifa cha upandaji farasi kwa walemavu tangu mwaka 1969. Kwa mgonjwa ambaye maradhi yake humchosha upesi, kuna faida nyingine: pumzi za safari ni za farasi, naye mgonjwa huyatumia yale machache aliyobakiwa nayo katika ustadi.

Jambo hili la kuazima nguvu halipaswi kuwa geni kwa Wakenya. Henry Wanyoike alipoteza macho kwa ugonjwa wa kiharusi mwaka 1995. Miaka mitano baadaye, mjini Sydney, alishinda dhahabu ya mita 5,000 kwa wasioona, tena baada ya kiongozi wake kuishiwa nguvu ikawa mkimbiaji asiyeona ndiye anayemvuta aonaye hadi kwenye utepe! Samwel Mushai Kimani, akiongozwa na James Boit, alishinda dhahabu ya mita 1,500 mwaka 2012 jijini London, na tena mwaka 2016 jijini Rio de Janeiro. Hakuna Mkenya aliyesema kwamba ushindi huo si halali kwa kuwa macho yalikuwa ya kuazima. Hartel aliazima miguu, Wanyoike akaazima macho.

Na turudi sasa Nakuru. Ikiwa kuna sehemu ya Kenya ambako farasi hawezi kuitwa mgeni, ni hili Bonde la Ufa la kati. Walowezi walipojigawia ardhi ya Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha mwanzoni mwa karne ya 20, waliingia na farasi, nao wakaanzisha mbio na michezo yao. Mkuu wao, Lord Delamere, aliyekuwa na shamba la takriban ekari 100,000 huko Njoro, alikuwa mtu mwenye mguu mbovu. Simba alimjeruhi alipokuwa akiwinda Somalia katika miaka ya 1890, akaokolewa na Msomali aliyembebea bunduki, naye akachechemea tangu hapo. Isitoshe, alisumbuliwa mara kwa mara na maradhi. Je, kuna kitabu cha historia kilichomwita Delamere mlemavu? Tunamsoma kama mkulima, mwanasiasa, na mnyang'anyi wa ardhi ya Wamaasai, kutegemea anayeandika ni nani. Mguu wake hutajwa kwa sentensi moja, kisha ukasahauliwa, kwa sababu alikuwa na farasi wa kumbeba, watumishi wa kumhudumia, na serikali ya kumsikiliza. Ulemavu wa mwenye mali humezwa na mali yake. Ulemavu wa maskini humeza kila kitu alicho nacho, hata jina lake.

Kuna kisa kingine cha Njoro. Beryl Markham, aliyelelewa katika shamba la baba yake huko na baadaye akawa mwalimu wa farasi wa mashindano, anasimulia katika kitabu chake West with the Night, kilichochapishwa mwaka 1942, habari za farasi jike aitwaye Wise Child. Kano za miguu ya farasi huyo zilikuwa zimeharibika kwa mazoezi ya kupita kiasi. Markham hakumtupa. Alimpangia mazoezi yanayolingana na miguu hiyo, akampima siku baada ya siku, na farasi huyo mgonjwa akashinda mbio kubwa jijini Nairobi.

Tafakari, ewe msomaji. Karibu miaka 100 iliyopita, bonde hili lilikuwa na maarifa na subira ya kumwandaa farasi mgonjwa hata akashinda. Iweje leo tukose maarifa na subira hiyo kwa mtoto wa binadamu?

Hatuna budi kukumbuka pia kwamba kando ya kila farasi wa mlowezi alisimama saisi wa Kiafrika. Yeye ndiye aliyemlisha, kumsugua, kumtembeza alfajiri, na kumtuliza wakati wa radi. Siku ya mashindano alimshika lijamu, akamkabidhi bwana, kisha akasimama nje ya kamba. Hivyo basi, maarifa ya farasi hayakuwa ya walowezi peke yao. Yaliishi pia katika mikono ya babu zetu. Walichonyimwa ni tandiko.

Siku hizi mbio rasmi hukimbiwa katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi, lakini farasi hawajatoweka bondeni. Polo huchezwa Gilgil. Watalii hupanda farasi miongoni mwa pundamilia na twiga kando ya Ziwa Naivasha. Kikosi cha polisi cha kupambana na wizi wa mifugo, chenye makao yake makuu Gilgil, kimewatumia farasi katika kazi yake. Zipo shule za malipo ya juu ambamo mtoto mwenye afya hufundishwa kupanda farasi kama sisi tulivyofundishwa kuruka kamba. Maili chache kutoka hapo, zipo shule na vitengo vya watoto wenye ulemavu ambao farasi wanamjua kwa picha ya kitabuni.

Tulijibu basi lile swali la kwanza: je, farasi si anasa? Ni kweli kwamba farasi mkubwa hula takriban kilo 10 za chakula kikavu kwa siku, na kwamba daktari wake hulipwa. Hakuna shule ya msingi ya umma itakayoweza kumfuga. Lakini hakuna anayedai kila shule iwe na zizi. Farasi waliopo hawafanyi kazi kutwa kucha, na mtoto mmoja humhitaji kwa nusu saa tu kwa wiki. Anayemfuga farasi kwa polo au kwa watalii anaweza kutoa asubuhi moja ya Jumamosi. Tena, si lazima tuanze na farasi. Huko Sidmouth, Uingereza, Elisabeth Svendsen, mwanzilishi wa hifadhi mashuhuri ya punda, aliwaanzishia watoto walemavu mpango wa kupanda punda katika miaka ya 1970. Nakuru ni mji wa punda. Kila mtaa unamjua kwa mikokoteni ya maji na mahindi. Punda mpole, aliyeshiba, asiye na vidonda mgongoni, anaweza kuwa mwalimu wa kwanza wa mtoto ambaye hajapata kukaa wima peke yake.

Wengine watasema kwamba ni hatari. Naam, hatari ipo, na haifai kufichwa. Si kila mgonjwa anafaa kupanda. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa, mwenye mifupa inayovunjika upesi, au mwenye kasoro ya uti wa shingo anaweza kuumia vibaya. Baadhi ya watoto wenye ugonjwa wa Down wana udhaifu wa pingili za shingo ambao hauonekani kwa macho. Lazima daktari aseme kwanza. Lazima pawepo kofia ngumu, mtu wa kumwongoza mnyama, na mtu kila upande wa mtoto. Lakini hatari ni sababu ya kuweka utaratibu, si sababu ya kufunga lango. Mpira wa miguu huvunja miguu ya wanafunzi kila muhula, na hatujaupiga marufuku.

Kikwazo kingine ni cha mbali zaidi, lakini mwanafunzi mwenye ndoto anafaa kukifahamu. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi, hufanya iwe vigumu mno kwa farasi wa Kenya kuingia Ulaya. Mpandaji wetu atakayefikia kiwango cha kimataifa itambidi akodi au aazime farasi huko aendako. Katika michezo ya Atlanta na Sydney, wapandaji wote walipanda farasi walioazimwa na wenyeji. Tangu Athens mtu huweza kuja na farasi wake, na pengo baina ya tajiri na maskini likapanuka. Hapa tena tunaona kwamba kanuni ikigeuka, anayeweza na asiyeweza nao hubadilishana nafasi.

Sheria zetu haziko kinyume na jambo hili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2025, iliwapa walemavu haki ya kutumia bila malipo viwanja vya michezo vya serikali. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inawahakikishia haki ya kufika mahali pote kwa njia zinazofaa. Kinachokosekana ni mtu wa kuishika sheria hiyo mkononi na kwenda nayo mahali. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, katika ardhi ile ile ya farasi wa zamani, nacho kina walimu wa elimu, wa afya na wa mifugo. Fani hizo tatu ndizo zinazohitajika hapa, na ni nadra kuzipata mahali pamoja. Uwanja wa maonyesho ya kilimo uko Nakuru. Kila mwaka fahali husindikizwa humo wakiwa wamevishwa utepe. Haingekuwa ajabu kumwona humo pia mtoto wa shule maalumu akimwongoza farasi, au punda, mbele ya waamuzi, na akapewa alama za haki: za juu akistahili, za chini asipostahili. Kupewa alama za chini kwa haki ni heshima ambayo walemavu wengi hawajapata kuionja, kwa vile huishia kupigiwa makofi tu.

Neno la mwisho ni kwa walimu. Visa kama hivi hupendwa sana katika hotuba za siku ya kufunga shule. Mgeni wa heshima husema: tazameni, fulani alipooza lakini alishinda, basi nanyi mjitahidi. Maneno hayo hupendeza, lakini humwachia mtoto mlemavu mzigo wote. Humwambia kwamba asiposhinda, ni kwa sababu hakujitahidi. Lis Hartel alijitahidi, hilo halina shaka. Lakini pia alikuwa na farasi, na watu wa kumpandisha, na kanuni iliyofutwa kwa wakati. Mwalimu atakayesimulia nusu ya kwanza ya kisa hicho asisahau nusu ya pili.

Nanyi wanafunzi, hususan nyinyi mlio na viungo vizima, mnayo kazi ambayo haihitaji fedha. Mwangalieni mwenzenu anayeketi chini ya mti wakati wa michezo. Msimwulize ana ugonjwa gani. Mwulizeni angependa kushindana katika nini, kisha mwende pamoja kwa mwalimu wa michezo mkaulize ni kanuni ipi inayomzuia.